Kitanda cha Jemadari

Jemadari mmoja alikuwa na helikopta moja tu, na vita yake ilikuwa msituni, mahali ambapo gari halifiki. Askari wake wakijeruhiwa, wenzao walifyeka miti kwa mapanga mpaka ukapatikana uwazi wa kutua, kisha wakatega masikio.

Helikopta ile ilikuwa na desturi yake. Fundi wa mlangoni, Sajenti Baruani, ndiye aliyepima mzigo kwa macho, kwa kuwa joto la msituni huinyima mashine nguvu. Akiinua kidole gumba, rubani huruka. Akikunja ngumi, hakuna safari, hata jemadari mwenyewe awe ndani. Kwa miaka minane hakuna aliyembishia.

Asubuhi moja simu ya upepo ilileta habari ya majeruhi sita. Baruani alipofika uwanjani alikuta ndani ya helikopta kitanda kimefungwa kwa kamba, kitanda cha mvule, kizito, chenye nguzo nne za kuchongwa. Jemadari alikuwa anajenga nyumba mjini, akaagiza wachukue majeruhi, na wakiwapeleka mjini wapitishe na kitanda. Baruani alijua papo hapo kwamba mashine haitainua vyote. Alijua pia kwamba jina lake lilikuwa mezani kwa jemadari, likingoja cheo. Akainua kidole gumba.

Kule msituni walipakia wanne, injini ikaanza kulalamika, na Baruani akakunja ngumi: wawili wabaki. Kisu alikuwa nacho kiunoni. Angeweza kukata kamba na kukisukuma nje kile kitanda, wala isingemchukua dakika mbili. Hakukigusa! Koplo Mashimba, aliyelazwa juu ya majani, tumbo limefungwa kwa shati, alikitazama kitanda, kisha akamtazama fundi.

“Afande, na hicho kitanda kimepigwa risasi wapi?”

Waliporudi kuwachukua mchana, Mashimba na mwenzake walikuwa wamekwisha kufa. Mazishini jemadari alisema msitu umetunyang'anya mashujaa, na watu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Baruani naye akapiga, utepe mpya ukiwa umeshonwa mkononi.

Habari za jemadari msiniulize. Huyo tunamjua, na tumemlisha wenyewe. Mimi nauliza juu ya yule aliyejua uzito akanyamaza: alikuwa mmoja tu, au tumeketi naye humu, safu kwa safu?