Dakika Moja ya Kumwombolezea Mpiga Zeze

Mfano huu aliusimulia kwanza bibi yangu mzaa mama, Yudith Ndahani, wiki ya Pasaka mwaka 1998, akiwa anachagua mawe kwenye uwele. Wahusika hakuwataja majina, nami sitawataja.

Kulikuwa na mpiga zeze mmoja, Mkristo, aliyefiwa na binti yake wa pekee. Kwao mtoto hazikwi akasahauliwa. Baba humtungia wimbo, akaupiga siku ya kuanua matanga. Naye akafanya hivyo, kwa zeze lake la buyu. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa akamzuia mlangoni.

"Chagua, bwana. Hilo buyu la mizimu, au Meza ya Bwana."

"Buyu hili limemlilia mwanangu, mzee. Na kinanda chenu, kilibatizwa lini?"

Kwa jibu hilo akatengwa. Lakini kila Jumapili alikuja, akaketi nje kwenye jiwe karibu na mlango, akingoja kuitwa ndani.

Mwaka mmoja mwalimu wa Kizungu alipita kijijini. Akaomba ruhusa, akaurekodi wimbo ule kwenye kanda, akaandika juu yake jina la mpigaji. Kanda ikafika Ulaya. Kwaya ya kanisa moja huko ikaupenda, ikajifunza zeze miaka miwili, kisha ikafunga safari hadi kanisa lile lile.

Wageni wakaupiga mbele ya madhabahu. Waumini wakasimama, makofi na vigelegele, kwa wimbo wa msiba. Mzee wa kanisa ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Siku hiyo hakuona mizimu yoyote kwenye buyu.

Kiongozi wa kwaya akatoa kikaratasi, akasoma kwa Kiswahili cha kujikwaa: "Tunajua kuna mahali tunakosea. Tunaomba kumwona baba aliyeutunga, atusahihishe." Akalisoma jina.

 Mzee wa kanisa akainuka. "Huyo alishalala katika Bwana."

Wageni wakasikitika kweli. Wakaomba dakika moja ya kumwombolezea, na kanisa zima likasimama, vichwa chini. Pale nje kwenye jiwe, mpiga zeze akamgeukia mama aliyekuwa mlangoni.

"Mama, na mimi nisimame?"

Mama yule hakumjibu. Alikuwa bibi yangu.

Niambieni, ndugu zangu mlioketi humu kanisani, ni wangapi waliosimama wakijua wanamwombolezea mtu anayepumua? Wangapi walimsikia nyuma yao akikohoa? Mnainamisha macho. Mbona mfano huu unawachoma, kama ni wa kanisa la mbali?

Tumezoea kusema Wazungu walikuja wakachukua ngoma zetu. Wapo waliochukua, na Mungu atawauliza. Lakini huyu aliomba ruhusa, akaandika jina, na wenzake wakavuka bahari kumtafuta mwenye wimbo. Walikuja kama wanafunzi. Ni lini tena Ulaya itakuja kwetu kwa unyenyekevu ule? Sisi tukawaonyesha kaburi lisilokuwepo, kwa sababu tuliona haya kusema kwamba mwalimu wao tumemfukuza. Wimbo ukitoka mkononi mwa jirani yetu tunauita ushenzi. Ukirudi na mgeni kutoka Ulaya tunauita ibada. Msiniambie hiyo ni imani. Ni woga, na tumeuvika kanzu.

Na sasa nitasema nani yu hai, maana bibi aliniachia kazi hiyo. Bibi alifariki mwaka 2009, na aliniambia kunyamaza kwake siku ile ni dhambi aliyoitubu hadi mwisho. Mzee wa kanisa alifariki miaka miwili baadaye, tukamzika kwa heshima zote. Kiongozi wa kwaya yu hai, huko kwao, na bado anatuma kadi ya Krismasi. Mpiga zeze naye yu hai. Ana miaka themanini na sita, yuko nyumbani kwake ng'ambo ya korongo, miguu haimfikishi tena hapa. Meza imeandaliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwita.