Jina la Bunduki ya Shija

Hapo zamani, huko Unyamwezi, alikuwepo mwindaji, Shija, aliyeipenda bunduki yake hadi mkewe akaona wivu. Akipanda kilima, huiegemea kama mkongojo. Akikanywa, hujibu, "Mwacheni mwenzangu anisaidie." Akaiegemea, akaiegemea, hata siku moja mtutu ukachomoka kwenye mwili wa bunduki, pale risasi inapokaa. Shija akakaa chini akalia waziwazi.

Na wakati ule nyati mkali alikuwa ameifunga njia ya kisimani. Kijiji kizima kilikuwa kinakunywa maji ya madimbwi.

Bahati njema, nyumba ya Shija ilikuwa ya wahunzi. Binti yake, Nyanzala, akaanza. Skurubu ya mtutu, yale meno ya kuusokotea kwenye mwili wa bunduki, ilikuwa imelika. Akachonga mpya, akachonga, akachonga, mpaka vidole vikafanya malengelenge. Akausokota mtutu, ukashika kweli. Lakini lo! Kilengeo hakikukaa juu, kilikaa ubavuni kama kinachungulia kwa jirani.

"Baba, kwa hii utaua mbuzi wa watu," akasema.

Mume wa Nyanzala, Kasanda, akaipokea. Akapiga tupa bega la mtutu, pale unapogusana na mwili wa bunduki, akasokota, akapima. Akapiga tena, akasokota, akapima, mpaka kilengeo kikasimama juu sawasawa. Ila tupa ilipitiliza kidogo. Kilengeo kikisimama, mtutu unacheza.

Ndipo mke wa Shija, Limi, akasogea. Akatoboa tundu dogo kwenye maungio, akapigilia pini ya chuma. Mtutu ukatulia tuli.

"Haya, mume wangu. Ukiuegemea tena, narudi kwetu, uje uniegemee huko."

Shija akaenda kisimani. Nyati akamjia mbiombio. Akalenga, akafyatua. Mtutu haukutikisika. Nyati akaanguka karibu kabisa na miguu yake, na wanawake wakashuka na mitungi wakipiga vigelegele.

Sasa, kwa watu wale, bunduki iliyoungwa upya hupewa jina la aliyeiunga, na mwindaji hulitaja kila anapolenga. Jina ni moja tu. Anayetaja mawili mbele ya nyati hapati nafasi ya kulimaliza la pili. Na jina likishatolewa halibadilishwi.

Jioni Shija akawaita wote watatu.

"Baba," akasema Nyanzala, "bila skurubu yangu, wangepigilia pini kwenye nini?"

"Mzee wangu," akasema Kasanda, macho chini kwa heshima, "mtutu ulioshika, kilengeo kikitazama pembeni, ungekuua vilevile. Mimi ndiye niliyeuelekeza kwa nyati."

Limi akacheka. "Mmoja kaacha kilengeo pembeni, mwingine kaacha mtutu unacheza. Nani kauacha ukiwa mzima? Na nani anayekupikia, wewe mzee?"

Shija akamtazama binti yake na vidole vyake vilivyofungwa vitambaa. Akamtazama mkwe, kijana aliyempenda kuliko alivyowahi kumwambia. Akamtazama mkewe. Na hapo mlangoni mtu akabisha: nyati jike ameonekana kisimani, watu wanamngoja mwindaji.

Shija akaishika bunduki, akasimama. Lazima aipe jina kabla hajavuka kizingiti, na wote watatu wanamtazama mdomo.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiangalie chini. Mngekuwa Shija, kinywani mwenu lingetoka jina la nani?