Shetani Hana Kiti Hapa

Wewe unayesoma, uligeuza uso. Mtu anayewanajisi watoto ulimjua mtaani kwenu, ukawajua na watoto waliomkwepa, ukasema, "Ya watu hayo." Alipofungwa ulishusha pumzi, kana kwamba gereza ni kaburi lisilotoa mtu.

Mwanamke mmoja, mtaalamu wa tabia za wahalifu, hakugeuza uso. Utotoni alimwona jirani akifungwa, akitoka, akirudia yale yale, na wakubwa kimya kama maji mtungini. Alisoma kwa hasira. Kisha akaingia gerezani, akapanga viti duara, akaketi na wanaume waliowanajisi watoto. Kabla yake hakuna aliyethubutu. Askari wakambandika jina: Mama Fisi, yaani mlezi wa mafisi.

"Mama Fisi, leo tena unawabembeleza?"

"Wa kubembelezwa hulala. Mimi nawaamsha."

Sharti lake lilikuwa moja: kila mmoja aseme kwa kinywa chake alilotenda, bila kisingizio. Fundi bomba mmoja alikuwa na wimbo wake, "Shetani alinipitia."

"Shetani hana kiti hapa," Mtaalamu alimjibu, wiki baada ya wiki. "Nani alifunga mlango?"

Hatimaye fundi aliinama. "Mimi. Na nilipanga tangu asubuhi."

Hapo ndipo matibabu yalipoanza: kuzijua dalili zake mapema, kuikimbia nafasi, kuomba msaada kabla mkono haujanyooka.

Siku ya kutoka, dada yake mshonaji alimngoja langoni na shati jipya. "Twende nyumbani, mdogo wangu. Yaliyopita si ndwele."

Mtaalamu, aliyekuwa kando yao, alisogea karibu. Nyumbani kwa dada kulikuwa na binti mdogo.

"Ndwele bado ninayo, dada," fundi alisema. "Kwako siji, una mtoto. Nimepata chumba kwenye nyumba ya wanaume peke yao, na dawa yangu ni kurudi kila wiki kwenye duara la mama huyu."

Dada alikaa chini palepale. "Tulijua tangu ujana wako. Tukafunika." Kisha akamshika Mtaalamu mikono yote miwili. "Asante, mama. Mimi mzazi nilikuwa nampeleka mwanangu motoni, na shati la kumkaribisha huyu nimelishona mwenyewe."

Mtaalamu alizeeka bila nishani. Nishani yake ni binti yule, aliyekua salama bila kujua aliepushwa na nini. Tumshukuru, maana watoto wetu wengi hawakuepushwa.

Lakini shukrani tupu haimlindi mtoto. Yupo unayemjua. Inuka sasa hivi, mtaje kwa wenye uwezo wa kumzuia na kumtibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.