Nani Ampande Radi?

Sogeeni. Mwenye jibu alifumbate kwanza, nimalize.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, Mama Kaanaeli alikuwa na banda la farasi, akipeleka wageni matembezini porini. Watu watatu walimfanyia kazi. Lekishon alisoma nyayo. Hata mnyama apite juu ya mwamba, yeye atakuonyesha alikopita. Elirehema alijaliwa sauti. Farasi aliyechachamaa akimsikia akiimba, hutulia. Ndeshi alijaliwa macho, na hakuna kilichompita.

Sasa, msafara una desturi yake. Kiongozi hupanda Radi, farasi dume wa kijivu, hutangulia mbele na huhesabu watu kila wavukapo mto. Wa mwisho hula vumbi. Ndeshi alikuwa amelila vumbi hilo miaka minane akingoja kiongozi wa zamani astaafu. Alipostaafu, Mama Kaanaeli akampa Elirehema nafasi ile kwa majaribio, na Elirehema hakuwa ametimiza hata mwaka pale.

Roho ilimuuma Ndeshi.

"Eti mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia Lekishon wakifunga matandiko. "Huyu kaja, mwenyeji ndo naugua."

"Mwenye wivu ajinyonge, dada."

"Nitajinyonga akishakosea."

Jumamosi waliondoka na wageni tisa, akiwemo Mwalimu Nderingo, mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda hata punda. Walipovuka mto, kundi la twiga likatokeza. Kila mtu akaduwaa, Elirehema naye akaduwaa, akasahau kuhesabu. Ndeshi hakutazama twiga. Macho yake yalikuwa mgongoni kwa Elirehema, akivizia kosa hilo hilo. Kwa hiyo kanga waliporuka kichakani na farasi wa Mwalimu akatimka naye, ni Ndeshi peke yake aliyeona.

Kwanza alifurahi. Alifurahi kwa pumzi moja tu, nisimsingizie zaidi. Kisha akapiga kelele: "Mwalimu kachukuliwa na farasi!"

Lekishon akashuka, akainama. Ng'ombe wengi walikuwa wamepita pale asubuhi, udongo wote umevurugwa. Akapapasa, akanusa, akapata alama moja ya ukwato wa farasi katikati ya mamia ya zile za ng'ombe. "Huku," akasema, wakamfuata.

Walimkuta farasi ukingoni mwa korongo, anatetemeka, Mwalimu kamkumbatia shingo na mguu umenasa kwenye kikuku cha tandiko. Mtu akisogea, farasi anarudi nyuma hatua moja, na nyuma hakuna ardhi. Elirehema akawazuia wenzake. Akaimba taratibu, akaimba mpaka farasi akasimamisha masikio na kumjia, hatua kwa hatua, hadi kifuani pake.

Bandani, Mwalimu akiwa amepewa chai na blanketi, Mama Kaanaeli alisimama na hatamu za Radi.

"Majaribio yamekwisha. Leo Radi anapata mtu wake, na nadhani ni wewe, Ndeshi. Bila wewe, tungejua saa ngapi kwamba mzee hayupo? Ila niambie, mwanangu, ulionaje wakati wote wanatazama twiga?"

Ndeshi alikwisha kunyoosha mkono. Angeweza kusema lolote.

"Nilikuwa namvizia Elirehema akosee, mama. Nilitaka akosee."

Mama Kaanaeli akazishikilia hatamu.

"Na kweli nilikosea," Elirehema alisema huku analia. "Sikuhesabu. Lakini yule farasi nani angemrudisha?"

"Mimi sikuvizia wala sikusahau," Lekishon akasema. "Na bila mimi mngekuwa bado mnazunguka mtoni."

Na wote watatu walisema kweli.

Haya, fumbueni mikono. Mmoja aliona, kwa kijicho. Mmoja alifuata. Mmoja aliokoa mtu ambaye kwa uzembe wake hakumhesabu. Radi ni mmoja, na Ndeshi bado kanyoosha mkono. Je, wewe ungeamua vipi?