Paka wa Kamba

Paka wa kamba hajui kwao. Bibi Asumini aliyasema maneno hayo akichambua mchele, bila kuinua uso, na mkwewe Zulekha akanuna papo hapo, akaingia jikoni. Raya, binti wa Zulekha, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, mwendo wa siku nzima kwa basi, na Zulekha alikuwa ameamua kufuatana naye, apange chumba karibu na chuo, amsubiri getini kila jioni. Kanga zake tatu zilikwisha kuingia katika sanduku la binti.

"Paka gani huyo, bibi?" aliuliza Raya. Mdogo wake Nasra naye akasogeza kigoda.

"Methali hii haikuokotwa njiani," akasema Bibi. "Ina mwenyewe. Sikilizeni, na anayekaanga huko jikoni, kama ana masikio, naye asikilize."

Hapo kale, katika bonde moja la wakulima wa mpunga, aliishi mjane aitwaye Bi Mize. Mtoto hakujaliwa, lakini heshima alikuwa nayo tele, kwa kuwa ndiye aliyetunza mbegu ya kijiji kizima. Kila baada ya mavuno watu walimletea mpunga wa mbegu, akauweka ghalani, ng'ambo ya ua. Njaa ilikuja ikaondoka, na mbegu ya Bi Mize haikuguswa.

Sifa hiyo aligawana na paka wake, Kungumanga, ambaye panya wa bonde zima walimjua. Siku moja Kungumanga akashuka mashambani asirudi. Waliokwenda kupalilia walimkuta chatu amejilaza, tumbo limefura. Nyumbani kilibaki kitoto kimoja, macho hayajafunguka. Bi Mize alikilea kwa maziwa ya mbuzi, akichovya kitambaa na kukinyonyesha tone kwa tone, akakiita Hiliki. Aliyewahi kulea kitu kidogo kiasi hicho hatamcheka kwa yaliyofuata.

Hiliki alipotimiza miezi mitatu, Bi Mize alifuata desturi ya pale. Alimpaka samli nyayoni, akamgusisha mafiga matatu, moja baada ya jingine, ili asiisahau nyumba. Baada ya hapo, kesho yake, paka hufunguliwa mlango. Bi Mize hakufungua. Alisuka kamba laini kwa vipande vya kanga kuukuu, akaifunga kifuani mwa Hiliki, na kila alasiri akamtembeza uani mbele na nyuma. Watu wakasema Bi Mize siku hizi ni mchungaji. Hakujali. Lakini panya nao walikwisha kupata habari kwamba Kungumanga hayupo, na ghala lilianza kutobolewa.

Alasiri moja kunguru alilia juu ya paa, Hiliki akaruka kwa hofu, fundo likafyatuka. Akatokomea majanini. Bi Mize alimwita mpaka sauti ikamkauka. Aliyempata ni jirani yake, Mzee Makame, aliyekuwa akifukuza ndege juu ya dungu lake, jukwaa la miti katikati ya mpunga. Alimleta amemficha ndani ya shati.

"Umemtoa wapi?" Bi Mize aliuliza, akimpokea kwa mikono miwili.

"Nyuma ya ghala lako. Hatua ishirini kutoka hapa mlangoni. Kakaa anaitazama nyumba, analia."

"Masikini, kapotea."

"Kapoteaje, na nyumba anaiona? Dada yangu, mie niko juu ya dungu, nawatazama kila siku. Unapomtembeza, mwenzio haangalii mti wala jiwe. Anaangalia kisigino chako tu. Mafiga umemgusisha, mlango hujamgusisha."

"Na chatu je, Makame? Mama yake umemsahau?"

"Sikumsahau. Na chatu yupo, sikudanganyi. Lakini mama yake alikwenda akarudi miaka minane. Na hiyo nayo ihesabu."

Asubuhi yake Bi Mize alifungua mlango wazi, akaketi kizingitini na ukili wa mkeka mapajani. Aliijua mikono yake. Ingekosa kazi, ingemkamata paka.

Hiliki alitoa mguu mmoja, akaurudisha. Akatoka hatua tatu, akageuka kuutazama mlango jinsi unavyoonekana kwa nje, akarudi mbio, akakigusa kizingiti kwa pua. Akatoka tena hatua sita. Alinusa mtungi wa maji. Alisugua shavu kwenye nguzo ya banda la kuku, akarudi nyumbani, akaanza upya, akafika mbali kidogo zaidi. Na hakuna aliyemfundisha! Bi Mize, aliyedhani anajua kila kitu cha paka yule, alisahau kusuka kwa kustaajabu. Kiumbe kidogo kile kilikuwa na akili ambayo yeye, mlezi wake, hakuwahi kuipa nafasi.

Jua likapanda. Hiliki akalipita ghala, akaingia majanini, asionekane tena. Adhuhuri ikapita. Mara mbili Bi Mize aliinuka amfuate, na mara mbili akajikalisha. Ninyi mnaona kukaa ni kitu chepesi, lakini siku ile kukaa kulikuwa kazi nzito kuliko kupura mpunga. Mwanamke yule alikuwa shujaa. Kisha mvua ikashuka, kubwa, ya kufuta kila unyayo na kila harufu.

"Nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe," akasema, na machozi yakamtoka.

Ndipo majani yakatikisika. Hiliki alitokea chini ya ghala, akapita kwenye nguzo ya banda la kuku, akapita kwenye mtungi, ameloa chapachapa, anaburura panya mkubwa. Anavuta, anapumzika, anavuta tena. Alimfikisha mpaka kizingitini, akamweka juu ya ukili, akainua kichwa. Hakutazama kisigino. Alimtazama Bi Mize usoni.

"Nani kamwonyesha njia?" Makame alipaza sauti kutoka dunguni.

"Hakuna!" Bi Mize alijibu, analia na kucheka. "Mie nilimfunga asipotee, kumbe nilikuwa namfundisha kupotea. Paka wa kamba hajui kwao!"

Kamba ile akafungia gunia la mbegu, na msimu wa kupanda kila nyumba ilipata fungu lake kamili. Chatu hakuhama bondeni. Hiliki naye hakuacha kutoka, wala hakuacha kurudi.

Bibi Asumini akarudi kwenye mchele wake. Zulekha akatoka jikoni, mikono ina unga, akaifuta, akalifungua sanduku. Alitoa kanga ya kwanza, akatoa ya pili. Ya tatu aliishika kitambo, kisha akaikunja vizuri na kuirudisha.

"Hii ni yako, ya kujifunika baridi," alimwambia Raya. "Likizo utakuja?"

"Nitakuja, mama. Njia naijua."

Zulekha akafunga sanduku, akamgeukia mkwewe.

"Haya, mama, umeshinda," akasema. "Paka wa kamba hajui kwao."