Faini ya Kisamvu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na mabaraza kama sisi, kijiji kizima kilikula muhogo. Asubuhi muhogo wa kuchemsha, mchana ugali wa muhogo, jioni muhogo wa kuchoma. Mizizi tu! Majani yake yalichomwa moto, fuuu!

Watoto walishiba, lakini hawakukua. Tunu, kitinda mimba wa Bi Pimbi, alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu kama kutu. Hata kulia alikuwa hawezi tena.

Bi Pimbi akanyoosha mkono barazani. "Shikamooni wazee wangu. Muhogo unajaza tumbo, haujengi mwili. Kinachojenga ni majani yake, kisamvu. Naomba..."

"Keti!" akanguruma Kiboko, mwenyekiti.

"Majani ni taka!" akacheka Ngiri, mwenye shamba lote la muhogo.

Baraza la pili akanyoosha mkono tena. Keti! La tatu. "Keti, wewe kidole gumba!"

Jamani! Mara tatu! Unasema jambo la kuokoa mtoto, watu wanakupima kimo!

Na msidhani angejichumia tu. Kwa Ngiri huokoti hata jani kavu. Bora alichome kuliko akupe.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi: anayemkatiza mzee barazani hutozwa faini ya kusafisha shamba, na taka anazozoa azibebe hadi nyumbani kwake mwenyewe.

Baraza la nne, Kiboko akasafisha koo, khoo! "Ndugu wanakijiji, mimi kama mwenyekiti..."

"Mwenyekiti, umekalia mkia wako," akasema Pimbi.

"Faini! Siku moja! Kama nilivyosema..."

"Hujasema kitu bado, mzee."

"Siku mbili! Leo nitakuwa mfupi..."

"Labda ukonde kwanza."

Baraza zima, kwa kwa kwa!

"Msimu mzima!" akafoka Ngiri. "Azoe majani yote, yajae kwake mpaka mlangoni!"

"Yote, baba? Hata jani moja hulitaki?"

"Hata moja! Mmesikia nyote?"

"Tumesikia!"

Pimbi akainamisha kichwa wasione meno yake.

Kuanzia siku hiyo, kwake ni twa! twa! twa! Akatwanga kisamvu, akakichemsha weee mpaka sumu yote ikaisha, akatia karanga. Majirani wakaleta watoto na bakuli. Miezi miwili, miguu ya Tunu ikanywea, akawa anafukuza kuku uani.

Asubuhi moja, hodi! Ngiri, amembeba mwanawe, miguu imevimba. Akachungulia chungu.

"Ala! Majani yangu! Umenihadaa!"

"Yako? Si ulisema taka mbele ya kijiji kizima? Nilikueleza mara tatu, Ngiri. Kwa adabu! Mkono juu!"

Ngiri akamsogeza mtoto mbele. "Bi Pimbi... mwanangu haamki."

Pimbi akashusha pumzi, fyuu. Alikuwa amechoka na wakubwa hawa. Akampakata mtoto, akamlisha kijiko kimoja, kingine, mpaka akafumbua macho.

"Yeye hana kosa, atakula hapa kila siku." Akamtupia Ngiri mchi. "Wewe, twanga."

"Mimi? Mzee mzima? Watu watanicheka!"

"Twanga!"

Twa! Twa! Jasho likamtiririka mpaka kwenye pembe zake, na watoto wa kijiji wamejaa uani, wanamhesabia.

Basi wanangu: usiposikiliza neno la mdogo likiwa bure, utalisikiliza kwa jasho.