Kwa Nini Mama Mkwe Husimama Kizingitini

Zamani, kabla ya zahanati na kabla hata ya barabara kuchongwa mlimani, wanawake wa kwetu Mkombole hawakuogopa kuzaa. Waliingia kwenye utungu kama mtu anayeingia kulala. Na mama mkwe hakusimama mlangoni kama anavyosimama leo. Aliingia moja kwa moja, akaketi karibu na kichwa cha mkamwana wake, akampangusa jasho.

Hadithi hii siipendi, wajukuu zangu. Bibi yangu Namsemba akiifikia alishusha sauti, akaangalia kwanza kama kuna mgeni nyumbani. Maana aliyekosa hakutoka ng'ambo ya mto. Ni wetu. Damu yake ndiyo hii mnayokuna mkiumwa na mbu.

Basi, palikuwa na mhunzi aliyeitwa Mkwizu. Mke wake alifia katika uzazi, siku tatu analia, na yeye na nyundo yake hakuweza lolote. Baada ya matanga aliingia kiwandani kwake, akaiyeyusha nyundo ile ile, akafua bangili moja. Haikuwa nzuri. Bibi alisema ilikuwa nyeusi, nzito, na upande mmoja ilikuwa na kovu. Lakini mzazi akivikwa, ilimeza utungu wote, akabaki na kazi ya kusukuma tu.

Mkwizu aliikabidhi kwa wanawake wa ukoo wetu, ikae kwa mama mkwe, naye amvike mkamwana wake au mzazi yeyote wa mlimani. Ila kabla ya kuiachilia aliitemea mate na kuiwekea laana. Alisema, "Chuma hiki kitameza uchungu, ila uovu hakimezi. Anayeivika, kama ana siri iliyomliza mwenzake, aiseme kwanza mbele ya watu. Asiposema, bangili itamuua anayevikwa."

Wanawake wakapiga kelele. "Mhunzi, una wazimu? Akose mwingine, afe mwingine?"

Akawajibu, "Ningeiweka laana kwa mkosaji, wengi wangenyamaza wafe na siri zao. Nimeiweka pale ambapo hamtathubutu kunyamaza."

Alikosea, maskini. Alidhani anatujua.

Lakini kwa miaka mingi ilikwenda vizuri. Ikawa kama mchezo. Mzazi yuko ndani, wanawake wamejaa uani, mama mkwe ameshika bangili, anasema, "Kuku wa Mama Senzia ni mimi niliyemla." Na Mama Senzia anajibu kutoka nyuma, "Nilijua! Mwezi mzima mbwa wako anatembea na manyoya mdomoni!" Wanacheka, wanasameheana, bangili inavikwa, mtoto anazaliwa. Siri zilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyeziacha zikue.

Ndipo akaja Nakijwa.

Huyu Nakijwa alikuwa mama wa mtu mmoja tu, Kiangi, na alikuwa mwanamke wa kusikilizwa. Yeye ndiye aliyeshika kamba ya zamu. Mnajua mashamba yetu yanakunywa maji ya mfereji, na mfereji una zamu. Leo kwako, kesho kwa jirani. Kila zamu ilifungwa fundo kwenye kamba, na kamba ilikaa kwake. Watu wakigombana, anafungua kamba, anahesabu mafundo, ugomvi umekwisha. Wakamwita Mama wa Haki. Jina hilo alilipenda mno. Bibi alisema akiitwa hivyo, hata shingo yake ilirefuka.

Ukaja mwaka wa jua. Mfereji ulibaki na maji ya kulowesha kifundo cha mguu. Maharagwe ya Nakijwa yalikuwa yanatoa maua, na ua la maharagwe likikosa maji siku mbili, limekwenda. Zamu ilikuwa ya Nankondo, mjane aliyekaa chini yake kidogo, mwenye watoto watatu. Siku hiyo kitindamimba wake alikuwa na homa, akayaacha maji yakiingia shambani, akakimbia nyumbani kumtazama.

Nakijwa alishuka mchana kweupe. Akang'oa bonge la tope lililoziba mlango wa shamba lake, akaliziba nalo shamba la Nankondo. Maji yakageuka. Alisimama pale akiyatazama yanavyonywewa na maharagwe yake, na akajiambia ni kidogo tu, nitayarudisha. Hakuyarudisha.

Nankondo alipolalamika, wazee walimwuliza mwenye kamba. Na Nakijwa, badala ya kusema, alifungua kamba mbele yao, akaonyesha fundo, akasema, "Zamu alipewa. Kama alilala, maji hayamwamshi mtu."

Wazee wakaamua kwamba Nankondo amepoteza maji ya jamii kwa uzembe, akanyimwa zamu msimu mzima. Shamba lake likakauka hadi likatoa nyufa. Akawachukua wanawe akaenda kuomba chakula kwa kaka zake, nyuma ya mlima. Aliporudi mvua iliyofuata, alirudi na wawili. Yule mdogo alizikwa huko huko.

Nakijwa alikwenda kumpa pole. Alikwenda, wajukuu zangu, na debe la maharagwe kichwani. Yale yale.

Miaka ikapita. Kiangi akaoa binti aliyeitwa Namweta, mcheshi, mwenye pengo la meno ya mbele, aliyempenda mama mkwe wake kuliko mama yake mzazi. Wakipepeta mahindi walicheka pamoja hadi watu wanauliza kuna nini. Namweta akashika mimba, na bangili ikahamia kwa Nakijwa kwa mara ya kwanza. Siku yake ilipofika, utungu ulianza alfajiri, na jua lilipopanda juu ya migomba mkunga akatoa kichwa mlangoni.

"Mama Kiangi, mtoto amekaa vibaya. Lete bangili."

Uani wanawake walikuwa wamejaa. Na Nankondo alikuwapo, na kibuyu cha uji, amesimama pembeni. Nakijwa alimwona. Akaushika mwimo wa mlango, akasema kwa sauti nzuri, "Niliazima ungo wa shoga yangu, nikauchana, nikamrudishia kimya kimya."

Wanawake wakaangua kicheko. "Ungo! Mama wa Haki, kama dhambi yako ni ungo, sisi wengine tukajichimbie makaburi!"

Akaingia, akamvika. Na kweli uso wa Namweta ukalegea. "Mama," alisema, "ni kama umenifunika shuka." Lakini hakikupita kitambo bangili ikaanza kubana. Mkono ukavimba, vidole vikawa vyeusi. Mkunga alijaribu kuivua, ikakataa. Akageuka.

"Mama Kiangi, kuna neno limebaki."

"Lipo," Nakijwa akasema. "Nilimsengenya wifi yangu."

Bangili ikabana zaidi. Uani vicheko vilikuwa vimekatika. Namweta akamtazama mama mkwe wake, akamwambia kwa upole, "Mama, kama lipo, liseme tu. Mimi sitakucheka."

Hapo bibi yangu alikuwa akijifanya anachochea moto. Nami nikiwa mdogo nilikuwa nikimsukuma goti, "Bibi, akasema? Alisema?"

Hakusema. Alifungua mdomo mara mbili. Kupitia mlangoni aliwaona wanawake wote wanamtazama, na akaliona lile jina lake linadondoka mbele yao. Akawaza, labda mtoto atatoka sasa hivi, tuivue, yaishe. Akamwambia mkunga, "Mhimize asukume."

Na mtoto alitoka. Wa kiume, akilia kwa nguvu. Wanawake wakapiga vigelegele, na Nakijwa naye akapiga. Kigelegele chake kilikuwa cha juu kuliko vyote. Alidhani amepita.

Mkunga hakupiga. Alikuwa ameushika mkono wa Namweta, mweusi hadi begani.

Ndipo Nakijwa akaanguka magoti na kupasuka, "Ni mimi! Ni mimi niliyegeuza maji ya Nankondo! Hakulala! Ni mimi!" Alilisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mfereji. Bangili ikakatika vipande viwili, ikaanguka. Lakini aliyevikwa alikuwa ameshakata roho. Neno lilikuja, na masikio yaliyolingoja hayakuwepo tena.

Nankondo aliingia, akaweka kibuyu chini.

"Nilijua," alisema. "Niliziona nyayo zako kwenye tope kabla maji hayajazifuta. Nani angeniamini, nikisimama mbele ya kamba yako? Leo nilikuja na uji nikijua utashika bangili. Nikasema, leo atasema. Kwa ajili ya huyu mtoto, atasema." Akamchukua mtoto mchanga, akamfuta, akamfunga kwenye kanga yake. Hakumtazama Nakijwa tena.

Hawakumfukuza. Afadhali wangemfukuza. Kiangi hakumtukana mama yake. Alimwamkia kila asubuhi, kama anavyoamkiwa mtu wa mbali. Nakijwa mwenyewe hakuthubutu kuingia tena katika nyumba ile. Alikaa kizingitini, mvua na jua, akipitisha kibuyu cha maziwa kwa mkono mrefu apewe mjukuu. Kamba ya zamu aliipeleka kwa Nankondo. Mpaka anakufa hakuna aliyemwita kwa lile jina lake.

Watoto wa Mkwizu walikuja na mivukuto yao ya kuchochea moto, wakasema wanaweza kuunga vile vipande. Wanawake wakakataa. Mkunga ndiye aliyesema, "Mwacheni Namweta apumzike navyo. Tulizoea kusubiri chuma kituambie nani amesema kweli. Sasa tutajifungua kwa uchungu, na tutasema wenyewe." Wakavizika pamoja naye.

Na yule mtoto mchanga aliyefungwa kwenye kanga ya Nankondo ndiye aliyemzaa baba wa bibi yangu Namsemba. Kwa hiyo msiseme ni habari za watu.

Tangu siku ile, mama mkwe wa Mkombole haingii kwa mkamwana aliye kwenye utungu mpaka asimame kizingitini, aseme kosa lake kubwa kwa sauti, na mkamwana amjibu. Wengine hulisema upesi. Wengine husimama hadi jua linageuka, na hatuwaharakishi. Siku hizi wanajifungulia zahanati, na nesi akitukuta tumejazana koridoni anafoka, "Nyie mabibi, mnaziba njia! Mnangoja nini hapa?"

Tunamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu. Hajamaliza."

Halafu kutoka ndani, katikati ya kilio, mkamwana anaita, "Nimekusikia, mama. Ingia."